Bodi haiongei? Usianze kung'oa chipu

Safari hii barua zimekuja tatu na zote za watu wanaojiundia kompyuta ya bodi moja kutoka sifuri, yaani CPU yako (chipu inayoendesha amri), ROM yako (inayobeba programu), RAM yako (kumbukumbu ya muda), waya zako. Nimezipunguza kidogo maana moja ilikuwa ndefu kuliko jibu.

SWALI: Mambo fundi. Nimeunda bodi ya CPU ya Z80, chipu ya siriali (ya kuongea na terminali) natumia 68B50, ROM ni 28C256, RAM 62256, kristali nimeweka ya 8 MHz kwa sababu ndo niliyokuwa nayo. Nikiwasha, terminali kimyaaa. Ila nikipitisha kidole chini ya bodi upande wa 68B50 inatema herufi za ajabu ajabu halafu inanyamaza tena. Nimeshabadilisha CPU na RAM, wapi. Ni solda mbovu au nimeuziwa chipu feki?

JIBU: Mkuu hebu rudisha hizo chipu za mwanzo kwenye soketi zake, huenda hazina kosa lolote. Umeandika mwenyewe dalili nzuri kabisa halafu ukaipita: herufi zinatoka. Herufi haziji zenyewe, ili itoke hata moja, hata ya takataka, CPU lazima iwe imesoma ROM, ikaiseti 68B50, ikaipelekea baiti. Kwa hiyo nusu nzima ya bodi ulokuwa unaishuku inafanya kazi.

Sasa kidole. Kitu kikianza kufanya kazi ukikigusa, mara nyingi kuna mguu wa kuingizia ambao haujaunganishwa popote, unaelea, leo unasoma moja kesho sifuri, na kidole chako kinausukuma upande mmoja. Kwenye 68B50 mimi ningeenda moja kwa moja mguu wa 24, CTS, yaani ruhusa ya kutuma. Huo ukiwa juu chipu inaficha ile bendera ya kusema "niko tayari kutuma", na programu yako inakaa pale inaisubiri bendera milele, huku wewe unaona kimya. Kama hutumii CTS upeleke graundi. Mguu wa 23, DCD (ishara kwamba upande wa pili upo), nao upeleke graundi, maana ukiwa juu unafunga upande wa kupokea na kesho ungeniandikia tena kwamba inaongea ila haisikii.

Herufi za ajabu ni kesi nyingine kabisa na hiyo ni kristali. Programu nyingi za bodi za aina hii zinaiambia 68B50 igawanye kloki kwa 64. Chukua 7.3728 MHz gawanya kwa 64 unapata 115200 kamili, ndo maana watu wanahangaika na namba ile inayoonekana ya ovyo (datashiti ya 68B50 haiahidi kwenda kasi hiyo, ila bodi kibao zinaendeshwa hivyo na zinakubali). Ya kwako ya 8 MHz inatoa 125000, umezidi kwa asilimia 8 na nusu, na siriali ikipishana zaidi ya asilimia 4 au 5 hivi biti za mwisho zinaanza kusomwa mahali pa jirani. Kasi za kawaida za terminali hazitakuokoa hapo, badili kristali.

Feki zipo kweli, chipu za zamani zilizofutwa maandishi zikaandikwa upya, lakini hilo liwe la mwisho kulifikiria.

SWALI: Habari. Yangu ni Z80 pia lakini imekufa kabisa, hamna herufi, hamna chochote. Pawa sapulai inasoma 5.02 V. Sina oskiloskopu, nina mita tu na LED. Nianzie wapi?

JIBU: Hiyo 5.02 umepima wapi? Kama ni kwenye sapulai haituhusu. Weka ncha za mita juu ya miguu ya chipu yenyewe, Z80 ni mguu wa 11 na graundi 29, halafu zunguka chipu moja moja hivyo hivyo, miguu ya chipu siyo soketi, maana soketi ya bei rahisi inaweza kuwa na umeme na chipu haina. Unataka kati ya 4.75 na 5.25. Na kila chipu iwe na kapasita yake ya 100 nF karibu na mguu wa umeme, siyo moja kwa bodi nzima.

Kloki iko mguu wa 6 na Z80 ina maringo hapo, inataka ipande mpaka karibu 5V yenyewe, isipungue zaidi ya 0.6. Ukiiendesha kwa chipu ya 74LS haifiki huko, ongeza rezista ya 330 ohm kwenda 5V. Riseti mguu wa 26 ikae chini angalau mizunguko mitatu ya kloki kisha ipande, rezista ya 10k na kapasita ya 10 µF zinatosha. Halafu miguu minne ambayo naona watu wanaiacha hewani kila siku: WAIT 24, INT 16, NMI 17, BUSREQ 25. Usipoitumia vuta kila mmoja juu kwa 10k. BUSREQ (ombi la kuachia njia) ikielea ikaangukia chini Z80 inaachia njia zote na kukaa pembeni, nzima kabisa, wala haina ugonjwa.

Hayo yakiwa sawa na bado kimya, sasa tunamuuliza CPU peke yake. Toa ROM, RAM na kila kinachogusa njia za data, kisha njia za data, D0 mpaka D7, zivute zote graundi kwa rezista za 1k. CPU ikisoma inaona 00, na 00 kwa Z80 ni NOP, usifanye kitu nenda mbele. Itahesabu anwani zote 65536 kisha inaanza upya, kila moja mizunguko minne ya kloki. Kwa 4 MHz, A15 (njia ya juu kabisa ya anwani, mguu wa 5) inapanda na kushuka kama mara 15 kwa sekunde, LED inaonekana ikichezacheza. Usiichomeke LED moja kwa moja, mguu wa Z80 hauna nguvu hiyo, pitisha kwenye mageti mawili ya 74HCT04 yaliyofuatana. Ukiona haiwaki kwa mwanga kamili usishtuke, baada ya kusoma kila amri Z80 inatoa pia anwani ya kurifreshi DRAM (aina ya RAM inayotaka kuhuishwa kila mara) na hapo A15 inashuka kidogo. Inacheza? CPU, kloki na riseti vizuri, usizirudie tena.

Sasa rudisha ROM peke yake ukitoa zile rezista za data, lakini andika baiti moja tu pale 0000: 76 (kwa heksa). Hiyo ni HALT, amri ya kusimama. Pima mguu wa 18, ukishuka chini na kubaki chini ujue ROM inachaguliwa na inasomeka. Mimi jaribio hili nalipenda kuliko yote, baiti moja na mita ya kawaida. Usiposhuka angalia kama ubao ulichorwa kwa ROM ya 27C256 na wewe umeweka 28C256, zinafanana umbo ila miguu miwili inatofautiana: kwenye 27C mguu wa 27 ni A14 na kwenye 28C mguu huohuo ni WE (wa kuruhusu kuandika), A14 iko mguu wa 1. Bodi inakuwa inachezea kitufe cha kuandikia bila wewe kujua.

Na ukija kuazima lojiki analaiza (kifaa cha kuona njia nyingi kwa pamoja) ukakuta CPU inarudi 0038 tena na tena huku WR, mguu wa kuandika, inapiga mfululizo, jibu unalo tayari. Inasoma FF kila mahali, FF ni RST 38, inaruka 0038 inakuta FF nyingine, na kila mara inasukuma anwani ya kurudi kwenye staki, sehemu ya RAM ya kuhifadhi anwani hizo. Aidha ROM ni tupu au CE yake (mguu wa kuichagua) haishuki.

SWALI: Nimetoa CPU ya 6502 ya zamani kwenye bodi yangu nikaweka W65C02S mpya, wanasema miguu ni ileile. Haiwaki. Kwa nini?

JIBU: Karibu ileile. Mguu wa 1 kwenye ya zamani ni graundi, kwenye W65C02S ni VPB, mguu wa ishara, na huo unatoa siyo kupokea, kwa hiyo ubao wako unaushoti kwenda graundi. Ukunje utoke nje ya soketi, usiguse kitu. Mguu wa 36 zamani ulikuwa hauna kazi, sasa ni BE (wa kuwasha njia), uvute juu kwa 3.3k la sivyo njia za anwani na data zinaweza kuzimika. Na kama kristali yako imefungwa moja kwa moja kwenye CPU kama bodi nyingine za zamani, weka osileta ya kopo yenye miguu minne (kloki iliyokamilika), mguu wake wa kutoa uende mguu wa 37.