Jibu: Kwa nini bakteria hukwama kwenye urani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bakteria wanaoondoa urani, metali yenye mnururisho, katika maji ya ardhini mahali fulani hukwama kwingine. Tazama maji kwanza.

Bakteria kama Geobacter hawaimalizi urani. Huipa elektroni, ikatoka kwenye hali ya kuyeyuka ikawa chembe ngumu zinazobaki ardhini. Kule Rifle, Colorado, nchini Marekani, watafiti waliwalisha bakteria hao asetati, chumvi ya asidi ya siki, chini ya ardhi, na urani ikapungua majini.

Sasa njoo kwenye kalsiamu. Sisi wa Mombasa twaijua: chemsha maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kisha angalia ule ukoko mweupe ndani ya birika. Kalsiamu hiyo, pamoja na kaboneti (kaboni na oksijeni zilizoungana, ambazo pia zimo katika ukoko ule), hushikamana na urani ikabaki imeyeyuka, na bakteria wakapata taabu sana kuibadilisha. Kwangu mimi, hili ndilo watu husahau.

Kutu ya chuma udongoni nayo hugombea elektroni zilezile. Lakini naitreti (nitrojeni iliyoungana na oksijeni) na oksidi za manganizi (metali iliyoungana na oksijeni, kama kutu) ndizo za kuogopa zaidi, maana zaweza kuiyeyusha tena urani iliyokwisha kutulia. Na naitreti haikosekani penye mabaki ya viwanda vilivyochakata urani kwa asidi ya naitriki.