Injini ya ndege ya modeli ikikuzimikia hewani, anza na sindano

Injini yangu ya tustroki ya cc 7.5 ilinirushia ndege Nairobi miezi minane bila kunisumbua. Desemba nikashuka nayo Mombasa, nikaiwasha bila kugusa chochote. Ilipaa vizuri, na kwenye kona ya pili ikazima. Ndege ikaenda kunasa kwenye mivinje. Nilipofungua eksozi na kuchungulia ndani, pistoni ilikuwa na michirizi ya kijivu upande mmoja, kama sufuria iliyosuguliwa kwa stilwaya.

Kosa lilikuwa langu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia, ikibaki palepale, mafuta yanakuwa machache mno kwa hewa inayoingia. Na injini hizi hazina oili ya pembeni. Oili imo ndani ya mafuta yenyewe, pamoja na methanoli na nitromethani kidogo. Ukiinyima mafuta umeinyima na oili, huku joto likipanda.

Kwa hiyo kila ninapobadilisha uwanja, naifungua sindano kwanza, kisha naanza upya. Injini ikishapata moto, naichomoa betri ndogo inayopasha plagi moto wakati wa kuwasha, naifungulia kasi yote na kukaza sindano polepole mpaka mlio ufike juu kabisa. Hapo narudi nyuma kidogo, mlio ushuke kiasi cha kusikika. Halafu nashika ndege kwa nguvu, nimekaa nyuma ya propela, na kuielekeza pua juu angani kwa sekunde kama 10. Mlio ukififia, sindano bado imebana. Ukiona moshi mwembamba mweupe unafuata ndege ikiruka, tulia, oili inapita.

Ikiwa sindano iko sawa na bado injini inakohoa, usikimbilie kubadilisha kabureta. Kagua mpira wa mafuta, hasa kile kipande kilichomo ndani ya tangi. Tundu dogo kama la pini linatosha kuingiza mapovu. Tangi nalo lizungushie sponji, maana mtetemo hutoa povu.

Lakini injini nyingi nilizoona zikifa zimefia kabatini. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa, na beringi zinaanza kushika kutu mwenye ndege akiwa amelala. Siku ikiisha, chomoa mpira wa mafuta injini ikiwa inanguruma taratibu, iachie imalize yaliyobaki mpaka izime. Tia matone ya ATF, ile ya giaboksi ya otomatiki, kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, kisha zungusha propela kwa mkono mara kadhaa. Dumu la mafuta nalo lifungwe kabisa. Tafadhali usiyanyonye kwa mdomo: methanoli hupofusha na huua. Moto wake pia hauonekani vizuri juani, kwa hiyo watoto wakae mbali unapojaza tangi.

Ile ya Mombasa niliinunulia pistoni na silinda kwa seti, kwa sababu huja zimelinganishwa, na beringi mbili mpya. Nikaizoesha kwa matangi manne, sindano ikiwa wazi, kabla ya kuirusha tena. Nimechora alama mbili za rangi kwenye kichwa cha sindano: nyekundu ya Nairobi, nyeupe ya pwani. Naanzia hapo, kisha nasikiliza mlio.