Jino la utoto lisilo na mrithi lisiharakishwe kung'olewa

Mama, eksirei ya mwanao wa miaka 9 kukosa jino la ukubwani chini ya gego la utoto si sababu ya kuling'oa. Gego la utoto la pili la chini lenye mizizi mizima, lisilotoboka, huweza kudumu hadi utu uzima. Likaguliwe kila miezi 6. Likizama chini ya usawa wa meno jirani, huenda limeshikana na mfupa. Majirani watalilalia, kwa hiyo muone mapema daktari wa kupanga meno. Jino la bandia la kupandikizwa kwenye mfupa wa taya lingoje taya limalize kukua, miaka 18 au zaidi.

Magego ya mwisho ya ukubwani (meno ya hekima) yasikutishe: huweza kuchelewa kuonekana kwenye eksirei. Lakini yakikosekana meno mengine 6 au zaidi, na mtoto ana nywele chache na hatokwi jasho, mpeleke hospitali. Asiyetokwa jasho, joto humdhuru upesi.