Andika Kaloleni, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kikundi chenu cha dansi hapo Nairobi kinataka kila mchezaji aandike habari zake kwa ufupi, nawe hujui kama utaje kwetu Kaloleni, Kilifi, au uandike tu kwamba u mtu wa Mombasa, usije ukaonekana wa shamba. Tena umenitumia video za maonyesho ya Alvin Ailey, yule mtunzi wa dansi wa Marekani, kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, ukaniuliza kwa nini mtunzi mkubwa vile wanamtaja na kijijini kwao.

Andika Kaloleni. Sababu imo humo humo kwenye video zako.

Maonyesho yale yalifunguliwa Septemba 2024, yakaendelea hadi Februari 2025. Walikuwa na sifa tele za kujivunia: kundi aliloanzisha 1958, na nishani ya rais wa Marekani aliyotunukiwa 2014, miaka 25 baada ya kufariki. Lakini kando ya daftari zake walitundika picha za watu weusi wa Kusini mwa Marekani, dini yao, wanawake wao. Ailey alizaliwa 1931 huko Rogers, Texas. Baba aliondoka mtoto akiwa mchanga, mama yake, Lula, akabaki kuchuma pamba na kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Bale, dansi ya jukwaani ya Kizungu, aliiona baadaye Los Angeles, alipopelekwa na shule. Aliipenda, na 1970 akalitungia kundi la American Ballet Theatre dansi kwa muziki wa Duke Ellington. Hata hivyo Texas hakuitupa.

Itazame tena dansi yake Revelations, ya 1960. Vitambaa virefu vinavutwa toka upande huu wa jukwaa hadi ule, vinatikiswa, mara ni mto, na watu wanaingia kubatizwa. Mwishoni wanakuja wanawake wa magauni ya manjano, kofia kichwani na pepeo mkononi, wanakaa kwenye vigoda na kujipepea kama wamama wa kanisani siku ya joto. Hayo huyapati darasani. Ni lazima uwe umekaa kwenye kanisa lile, jasho likikutoka.

Na Cry, ya 1971, zawadi ya kuzaliwa kwa mama yake! Mchezaji wake Judith Jamison anacheza peke yake na kitambaa kirefu cheupe. Anapiga deki nacho, kisha anakivaa. Nilirudia pale mara nyingi. Nimepiga deki nyumba za watu Nyali nikikusomesha, na sikuwahi kufikiri kwamba kuinama kule kunaweza kupandishwa jukwaani kwa heshima namna ile.

Sasa hayo mabega yako, ambayo unasema mwalimu anayasifu, uliyatoa wapi? Hawe wako, nyanya yako, akijifunga hando lake, ile sketi yetu ya kimila, marinda yamejaa kiunoni tabaka juu ya tabaka, miguu ilikuwa inakwenda pole pole, karibu haiinuki, mabega ndiyo yanayosema. Kayamba ikiinamishwa, mbegu zinamwagika ndani ya matete, naye mabega yanashuka na zile mbegu, hayawahi wala hayachelewi. Nawe ulikuwa nyuma yake, umeshika pindo, unaiga. Usione vyaelea, vimeundwa.

Jambo moja linaniuma. Wachezaji wetu wakipanda jukwaani hutangazwa kama kikundi cha ngoma za kitamaduni, basi, majina hawana. Fort Jesus imekuwa makumbusho miaka mingi sasa, na nafurahi kila nikipeleka wageni wakaone vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Wareno iliyozama pale bandarini mwaka 1697. Natamani siku moja nione humo chumba cha mcheza ngoma mmoja wa pwani, jina lake, kijiji chake, na aliyemfundisha. Hadi siku hiyo ifike, karatasi yako inatosha kuanzia. Usiandike Kaloleni pekee, mtaje na hawe.

Nimekwisha kumpigia simu. Amekubali, ila anataka jina lake liandikwe lote, pamoja na la baba yake. Ukimaliza usitume kwanza, tupigie Jumapili nikiwa kwake, umsomee mwenyewe.

Mamako, Kisauni