Jibu: Leseni ya ulinzi Uingereza imekwama ilhali kibali cha kazi ninacho

Salaam, ndugu. Kibali chako cha kazi ni halali, lakini SIA, mamlaka ya leseni za ulinzi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hupima mambo yake yenyewe. Anza na makazi yako: ikiwa katika miaka 5 iliyopita uliishi nje ya Uingereza miezi 6 mfululizo au zaidi, utadaiwa uthibitisho wa rekodi ya jinai kutoka nchi hiyo, na kwa Kenya hicho ni cheti cha mwenendo mwema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Maombi mengi niliyosaidia kuyajaza yalikwama hapo. Linganisha pia majina na pasipoti, herufi kwa herufi. Msimamizi asikushawishi kuanza zamu kabla ya leseni. Sheria ya Uingereza ya 2001 ya sekta ya ulinzi binafsi inahesabu kazi ya ulinzi bila leseni kuwa kosa la jinai.