Maswali ya Wasomaji: Farasi wa Pembe Moja Mikindani na Joka Katika Mikorosho

Katika toleo lililopita niliandika kuhusu utunzaji wa punda, na mwishoni nikatania kwamba mwenye mnyama wa ajabu kuliko punda naye atuandikie. Barua zilizofika hazikuwa na utani hata kidogo. Nimechagua nne, nami nitazijibu kama nilivyojibu maswali ya mbuzi na ng'ombe katika miaka yangu yote ya ubwana mifugo, kwa sababu mnyama akishapewa mdomo, hata kama ni mdomo wa kufikirika, sharti apatiwe chakula, na akishapewa tumbo lazima ajulikane nani atazoa kinyesi.

SWALI: Shikamoo bwana mifugo. Binti yangu wa miaka 9 anataka tufuge yunikoni, yule farasi mweupe wa pembe moja anayemwona kwenye begi lake la shule. Nimemwambia hayupo, lakini hakubali. Anasema nikuulize kwamba angekuwapo, hapa kwetu angeishi wapi na angekula nini? – Mama wa watoto watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie binti kwamba swali lake ni zuri kuliko jibu ulilompa.

Tatizo la kwanza si pembe, ni mbung'o. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhoofishwa upesi sana na nagana, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya mbung'o: homa hupanda na kushuka, miguu na tumbo la chini huvimba, mwili hukonda huku mnyama bado anakula. Mikindani yenyewe ina historia katika jambo hili. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka hapo hapo kwenu akiwa na ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4, akitaka kuona kama wangestahimili mbung'o katika safari ya kufuata mto Ruvuma. Wengi wao walikufa njiani. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba wachungaji wa msafara waliwapiga na kuwabebesha mizigo kupita kiasi, kwa hiyo hatuwezi kumtwisha mbung'o lawama yote, lakini mimi nisingempeleka yunikoni bonde la Ruvuma, wala Liwale kwenye mapori yanayopakana na hifadhi. Ningemweka mjini, au ningempandisha Newala kwenye uwanda wa juu penye upepo, ingawa huko itabidi kwanza tuzungumze habari ya maji, ambayo watu wa Newala wameizungumza tangu enzi za mabibi waliokuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena na vyombo kichwani.

Farasi wa kilo 400 katika joto letu hunywa maji ndoo mbili za lita 20 kwa siku, na siku ya kazi huzidi hapo. Chakula chake ni majani makavu ya kilo 8 hivi, yaani sehemu mbili katika mia ya uzito wake, nayo aipate kidogo kidogo mchana na usiku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na limeumbwa kutafuna muda wote. Jambo ambalo binti hana budi kulijua ni kwamba farasi hawezi kutapika. Akifakamia pumba, au akiingia chini ya mikorosho wakati wa msimu akajaza tumbo mabibo yaliyoanza kuchacha, gesi haitapata njia ya kurudi juu, naye atagaragara chini kwa msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kabla hamjapata gari la kumleta mganga wa mifugo.

Kuhusu pembe, pembe haioti mahali popote tu. Mwaka 1933 huko Maine, Marekani, mtaalamu aitwaye Franklin Dove alichukua ndama dume aliyekuwa na umri wa siku moja, akavihamisha vichipukizi viwili vya pembe na kuvikutanisha katikati ya paji la uso. Katika umri huo vichipukizi hivyo bado viko kwenye ngozi, havijashikana na fuvu, kwa hiyo viliungana vikaota pembe moja iliyonyooka. Alipata fahali wa pembe moja, si farasi, lakini alionyesha jinsi mwili unavyoweza kulibeba jambo hilo. Pembe ya namna hiyo ina mfupa hai ndani yake, na ikivunjika hutoa damu nyingi. Basi fyekeni matawi ya chini, na mlango wa banda uwe mpana, kwa kuwa mnyama atasahau urefu wa pembe yake kama mtu anavyosahau kwamba amebeba mwanzi begani.

Mambo mawili ya mwisho. Farasi weupe wengi wanapozeeka huota uvimbe mweusi chini ya mkia, kwa hiyo binti azoee kuuinua mkia na kutazama. Tena farasi hapendi upweke. Picha za begini humwonyesha yunikoni akiwa peke yake juu ya kilima, lakini mnyama wa kundi akifungwa peke yake huanza kutafuna mbao za banda. Mtafutieni punda wa kukaa naye.

SWALI: Bwana mifugo, nimesikia kwamba pembe ya huyo farasi huondoa sumu. Sisi wavuvi tunapoteza watu kwa kula bunju. Je, unga wa pembe hiyo ungefaa? – Mvuvi, Msimbati

JIBU: Usingefaa, ndugu yangu. Zile pembe zilizouzwa Ulaya kwa bei kubwa karne nyingi zilizopita zilikuwa meno ya narwali, nyangumi mdogo wa bahari za barafu za kaskazini, ambaye jino lake moja hutoboa mdomo wa juu na kutokeza mbele likiwa limejisokota kama kamba, hadi kufikia mita 2 na zaidi. Wafalme walichovya vipande vyake vinywajini, sumu ikabaki vilevile. Sumu ya bunju haina dawa ya kuiondoa. Aliyeila apelekwe hospitali mara moja akasaidiwe kupumua. Tena bora bunju arudishwe baharini kabla hajafika jikoni.

SWALI: Naandika hadithi kwa ajili ya wanafunzi wangu kuhusu joka linalotema moto, ambalo kijiji kizima cha wakulima wa korosho kinalifuga. Ningependa lisiwe la uongo mtupu. Lile nini, liruke vipi, na moto utoke wapi? – Mwalimu wa Kiswahili, Tandahimba

JIBU: Mwalimu, barua yako ndiyo iliyoninyima usingizi, nami nitakupinga katika jambo moja ambalo pengine umeshaliandika: joka lako lisile nyama.

Tuanze na moto. Kitu kinachowaka ambacho tumbo la mnyama hukitengeneza kwa wingi ni methani, na anayekitengeneza ni mla majani anayecheua. Ng'ombe mmoja mkubwa hucheua lita mia kadhaa za gesi hiyo kwa siku. Niliwahi kuitwa usiku Nachingwea kwa ng'ombe aliyekula majani mabichi ya kunde akavimba. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepanda juu ya uti wa mgongo, na ukiupiga kwa vidole ulilia kama ngoma. Nilipomtoboa, hewa ilitoka kwa mlio wa tairi linaloachia upepo, pamoja na povu la kijani na harufu ya majani yaliyochacha, na kijana aliyeshika kibatari nilimfokea asogee mbali kabla sijamsalimu mwenye ng'ombe. Ndilo joka lako hilo, mwalimu. Linahitaji majani mengi, matumbo manne, na mahali pa kulala linapocheua. Methani huwaka kwa kishindo ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya sehemu 5 na 15 katika mia. Ikipungua hapo haishiki, ikizidi nayo haishiki. Kwa hiyo joka lisilojua kupima pumzi yake litatoa mbweu tu, na wanafunzi watacheka.

Cheche ndiyo kazi ngumu. Yuko mbawakawa mmoja ambaye hutunza kemikali mbili katika vifuko vya tumboni, na akitishwa huzichanganya zikachemka hadi karibu nyuzi 100 na kumlipukia adui. Huo si moto bado, lakini unaonyesha kwamba mwili unaweza kutunza hatari ndani yake bila kuungua, mradi vifuko vitengane. Mpe joka lako vifuko hivyo kooni.

Kuruka nako kuna gharama. Mnyama akiongezeka urefu mara mbili huku umbo lake likibaki lilelile, eneo la mabawa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Kiumbe mkubwa kuliko wote waliowahi kuruka, Quetzalcoatlus wa Amerika Kaskazini, alikuwa na mabawa ya mita 10 hivi, na wataalamu wengi humkadiria uzito wa kilo 200 na ushei, yaani mtamba wa kawaida. Joka lenye matumbo manne yaliyojaa majani haliruki, mwalimu. Ama uchague moto, ama uchague mabawa. Mimi ningechagua moto.

Sasa kijiji. Wasilitoe joka nje wakati mikorosho inapulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Vumbi la salfa likiwa hewani hushika moto, na moshi wake hukaba pumzi na kuchoma macho. Kwa miezi hiyo lifungwe mbali, upande ambao upepo hautoki shambani, na lichimbiwe bwawa la kuzamisha pua. Lisipelekwe kabisa karibu na mitambo ya gesi ya Madimba. Hilo sidhani kama linahitaji maelezo. Na usisahau ugomvi. Mnyama anayekula majani kwa marobota atavamia mbaazi za mtu, na watu wa Kilwa waliopokea makundi ya ng'ombe tangu mwaka 2006 watakueleza kesi ya namna hiyo inavyochukua muda barazani. Hapo pana hadithi kubwa zaidi kuliko moto wenyewe.

SWALI: Babu, ninasoma darasa la sita. Mwalimu alisema majoka yalikuwepo Tendaguru, kile kilima cha mkoani kwetu. Nikichimba nitapata yai nilifuge? – Mwanafunzi, Lindi mjini

JIBU: Mjukuu wangu, yai hutapata, maana wanyama wale walikufa miaka milioni 150 hivi iliyopita na mifupa yao imekuwa mawe. Hawakuwa majoka, walikuwa dinosaria. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliwaajiri wenyeji kwa mamia kuchimba Tendaguru, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la mmoja wa dinosaria hao, Australodocus bohetii. Mizigo zaidi ya tani 200 ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mkubwa wao aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha mita 13, naye alikuwa mla majani ya mitini, mpole kwa kadiri mnyama wa tani 30 anavyoweza kuwa mpole.

Unayemtaka wewe nadhani ni Kentrosaurus, wa mita 4 na ushei, mwenye miiba mirefu tangu kiunoni hadi ncha ya mkia. Huyo ndiye anayefanana na joka. Lakini ungemlisha nini? Siku zake nyasi hazikuwepo duniani. Na kila akigeuza mkia angebomoa jiko la mama yako.

Usichimbe, mjukuu. Mifupa hiyo inalindwa na sheria ya mambo ya kale. Mvua ikifukua jiwe lenye umbo la mfupa shambani kwenu, liache pale pale lilipo, weka kijiti pembeni, kisha mwambie mwalimu wako akupeleke kwa ofisa utamaduni wa wilaya.