Ubongo una kinga, ila hupigana kwa tahadhari

Hapana ndugu, si kweli kwamba virusi vinavyoenezwa na mbu vikishaingia kwenye ubongo basi hakuna wa kuvizuia. Kwanza, kwa watu wengi havifiki huko: kati ya watu 150 hivi wanaoambukizwa virusi vya West Nile, mojawapo ya virusi hivyo vya mbu, ni kama mmoja tu anayeugua vibaya hadi kwenye mfumo wa neva. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimeshikana barabara, na mara nyingi virusi huishia kwenye damu.

Vikipenya, seli ya neva iliyovamiwa hutoa interferoni, protini ya kutahadharisha, yaani hupiga yowe. Seli jirani zikilisikia hufunga mitambo ambayo virusi vingeitumia kuzaliana. Mikroglia, walinzi wakazi wa ubongo, huamka na kuita chembe nyeupe za damu kutoka nje.

Hapa ndipo penye utamu. Seli ya ini ikiuawa, nyingine huota. Ya neva ikifa, kwa kawaida ndiyo imekwenda. Kwa hiyo chembe T (aina ya chembe nyeupe za damu) na kingamwili (protini zinazonasa virusi) mara nyingi huvitimua virusi bila kuiua seli yenyewe. Si kila mara lakini. Kwa panya, mikroglia zimeonekana zikimeza viungio vya neva, yaani sehemu ambapo seli za neva hupashana habari, hata baada ya virusi kudhibitiwa. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya mtu kupona homa, kisha akaendelea kusahausahau kwa miezi.